Jina Moja, Karatasi Mbili

Mipango ya chanjo ya umma huanzia kwenye hesabu ya watoto na kuishia kwenye hesabu ya dozi. Katikati pana hesabu ya tatu, ya watu watakaoifanya kazi yenyewe, na kwa miaka niliyohudumu katika hospitali za umma hapa Mombasa, kwanza nikiwa daktari mwanagenzi, kisha daktari wa wodi, na baadaye mjumbe wa kamati ya chanjo ya kaunti ndogo, nimeona kuwa hiyo ndiyo hufanywa kwa haraka na kwa kukisia. Sisemi kwamba wapangaji ni wazembe. Chanjo hupangwa na idara yake, zamu za madaktari hupangwa na hospitali, wanagenzi hupangiwa vituo na serikali kuu kutoka Nairobi, na wauguzi wa zahanati, tangu afya igatuliwe mwaka 2013, huamriwa na kaunti. Kila meza ina karatasi yake, na kila karatasi ukiisoma peke yake utaona imekamilika. Kasoro huonekana zikisomwa pamoja, na ni nadra kumpata mtu ambaye kazi yake ni kuzisoma pamoja.

Mwanagenzi ni daktari aliyemaliza chuo kikuu lakini bado hana leseni kamili. Hutumikia mwaka mmoja chini ya usimamizi, akipitia idara nne kwa miezi mitatu mitatu: magonjwa ya ndani, upasuaji, watoto, na uzazi. Kwa mujibu wa kanuni, bado anafundishwa. Kwa mujibu wa wodi, ifikapo saa nane za usiku, yeye ndiye daktari: ndiye aitwaye mgonjwa anapobadilika, ndiye atoaye damu na kuipeleka maabara kwa mkono wake kwa kuwa mhudumu wa kuipeleka ameshakwenda zake, na ndiye ampigiaye simu daktari bingwa nyumbani, baada ya kuamua mwenyewe kama jambo lenyewe lastahili kumwamsha. Idara ikiwa na wanagenzi wanne, kila mmoja hulala kazini kila usiku wa nne, na asubuhi yake huendelea na raundi kama wenzake. Ukimwondoa mmoja, waliobaki huingia kila usiku wa tatu. Ukiwaondoa wawili, ni usiku mmoja kazini na mmoja nyumbani, na hapo hakuna tena mafunzo wala usimamizi. Ni kusukuma siku tu.

Anayedhani natia chumvi na aukumbuke mwaka 2024. Mgomo wa madaktari ulianza katikati ya Machi na kumalizika tarehe 8 Mei, siku 56, na mojawapo ya mambo makubwa yaliyouzua lilikuwa ni malipo na upangaji wa wanagenzi. Mkataba wa pamoja wa 2017, kati ya serikali na chama cha madaktari, uliwapa shilingi 206,400 kwa mwezi. Serikali ikataka kuwapa 70,000. Hata baada ya mgomo kwisha jambo hilo liliburutwa, na mwafaka wa kuwalipa kwa kiwango cha 2017 haukutiwa saini hadi mkesha wa Krismasi mwaka huohuo. Katika miezi hiyo kundi jipya halikuingia wodini kwa wakati, na sisi tuliobaki tukajifunza tena kutoa damu saa kumi za alfajiri. Wapo wakubwa waliokuwa wakisema kuwa wanagenzi ni mzigo wa kufundisha. Sikuwasikia wakilisema hilo mwaka ule.

Sasa niieleze chanjo. Shehena ya kwanza ya chanjo ya korona, zaidi ya dozi milioni moja za AstraZeneca zilizoletwa kupitia COVAX, mpango wa kimataifa wa kugawana chanjo, iliwasili nchini mwanzoni mwa Machi 2021, na uchanjaji ukaanza siku chache baadaye, wahudumu wa afya wakiwa mbele. Wauguzi wa kaunti nyingi walikuwa ndio kwanza wamerejea kutoka kwenye mgomo ulioanza Desemba 2020, na wimbi la tatu la ugonjwa lilikuwa linapanda. Tulipanga wachanjaji kana kwamba dozi zitakuja kila mwezi kwa kiasi kilekile. Hazikuja. India, ambako chanjo ile ilitengenezwa, ilizuia kuiuza nje ili ishughulikie watu wake, na muda kati ya dozi ya kwanza na ya pili ukasogezwa hadi wiki 12. Wauguzi waliokuwa wametolewa zahanati wakakaa kwenye mahema wakingoja, kisha wakarudishwa walikotoka. Halafu kuanzia Agosti na Septemba zikaja Moderna, Pfizer na Johnson & Johnson karibu kwa mpigo, kila moja na masharti yake: hii huhifadhiwa kwenye baridi kali sana na ikishayeyushwa ina mwezi mmoja tu ndani ya friji ya kawaida, ile huchanganywa na maji ya chumvi kabla ya kudungwa, nyingine ni dozi moja tu na kazi imekwisha. Watu tuliokuwa tumewafundisha Machi hawakuwapo tena kwenye meza ya chanjo. Ilibidi kufundisha upya, na waliofundishwa walitolewa wodini kwa sababu huko ndiko kulikokuwa na watu wa kuchukuliwa.

Tangu hapo nimekuwa mgumu kukubali mpango wowote unaomwajiri mtu kwa tarehe ya kalenda badala ya kwa dozi iliyokwisha fika ghalani. Ni afadhali wachanjaji wachache wa kudumu, wanaojua aina zote, na orodha ya akiba ya watu waliokubali kuitwa kwa notisi ya siku tatu, kuliko kuwakusanya watu wengi mwezi ambao friji ni tupu. Hoja hii si tamu kwenye kikao, kwa sababu bajeti hutolewa kwa miezi na fedha zisizotumika hurudi. Lakini friji haiijui bajeti.

Oktoba mwaka ule wa 2021 amri ya kutotoka nje usiku iliondolewa, na Novemba serikali ikatangaza kwamba kuanzia tarehe 21 Desemba asiyechanjwa hatapewa huduma katika ofisi za umma. Mahakama Kuu iliisimamisha amri hiyo kabla ya siku yake kufika, lakini foleni zilikuwa zimeshaanza. Watu ambao kutwa nzima za Septemba tuliwabembeleza barazani walijitokeza wakiwa wamekunja ndita, wakitaka cheti. Desemba ndio mwezi wa likizo za wafanyakazi, na ndio mwezi ambao barabara za pwani hujaa magari na chumba cha dharura hujaa majeruhi. Vituo vya chanjo viliongezwa kwa siku chache, na kila kituo kilihitaji msimamizi.

Katika hospitali niliyokuwako siku hizo, sista msimamizi wa wodi ya uzazi, mama mtu mzima aliyeanza kazi kabla mimi sijaingia sekondari, alikuja kwenye chumba cha madaktari ameshika karatasi mbili. Moja ilikuwa ratiba ya zamu za wanagenzi, ya pili orodha ya wasimamizi wa vituo vya chanjo. Hakuzitandaza mezani. Alizibandika moja juu ya nyingine kwenye kioo cha dirisha, akazisukuma kidogo kidogo mpaka mistari ikalingana, na kwa mwanga wa jua la asubuhi jina lilelile likaonekana limepandana kwenye karatasi zote mbili.

"Daktari mwanangu," akaniuliza, "huyu kesho yuko kituo cha Mtongwe au yuko leba?"

"Kwa ratiba yetu yuko leba, sista."

"Na kwa hii ya chanjo anasimamia vituo vitatu kuanzia saa mbili. Na usiku wa leo yuko zamu. Sasa nyinyi mwamhesabu mtu mmoja, ama watu watatu?"

Sikuwa na jibu, na mwenye orodha ya chanjo tulipompigia simu hakuwa nalo pia. Alichotueleza ni hiki: fomu aliyopewa ilikuwa na safu iliyoandikwa "daktari", na safu hiyo hairuhusiwi kubaki tupu. Aliomba majina hospitali, akatumiwa orodha ya wanagenzi kwa kuwa ndiyo iliyokuwa karibu, akayagawa kwa vituo. Kila mtu alifanya alichoombwa. Yule kijana mwenyewe, tulipomwita, alikuwa ameshapokea ujumbe wa kituo cha chanjo na ameshanyamaza, akidhani kwamba ndivyo mambo yalivyo na kwamba mwanagenzi hana wa kumlalamikia. Kimya hicho ndicho kilichoniudhi zaidi ya fomu. Kamba hukatikia pembamba, na kwenye hospitali ya umma pembamba ni kwa yule ambaye barua yake ya kumaliza mafunzo bado haijatiwa saini.

Kwani safu ile ilikuwa na haja gani? Daktari kwenye kituo cha chanjo huhofiwa kukosekana kwa sababu moja kubwa, nayo ni mzio mkali ambao huweza kumpata mtu mmoja kati ya watu wengi sana, mara nyingi ndani ya dakika chache baada ya sindano. Dawa yake ya kwanza ni adrenalini, hudungwa kwenye msuli wa paja upande wa nje, kwa kipimo kinacholingana na umri au uzito. Muuguzi au afisa tabibu aliyefundishwa huidunga vizuri kabisa, na hatakiwi kungoja daktari aje ndipo aidunge. Akingoja, daktari hatakuta wa kumtibu. Kinachotakiwa ni kila timu iwe na kisanduku chenye adrenalini ambayo haijapitwa na tarehe, na bomba za sindano za kipimo kidogo. Iwe na karatasi ya vipimo iliyobandikwa ndani ya kifuniko, na namba moja ya simu inayopokelewa. Aliyechanjwa akae pale dakika 15 angalau. Na gari liwepo, na hospitali ya kumpokea ijulikane mapema. Daktari mmoja wa kaunti ndogo nzima, asiye na zamu nyingine siku hiyo, mwenye gari na simu yenye chaji, ana faida kuliko madaktari kumi walioandikwa kwenye karatasi na kumbe wako leba.

Baada ya mjadala mrefu safu ile ilibadilishwa ikawa "mhudumu aliyefundishwa kutibu mzio", na wanagenzi wakarudishwa wodini. Niseme wazi msimamo wangu, kwa sababu wapo wenzangu wasiokubaliana nao: mwanagenzi asitolewe wodini kwenda kuziba pengo la kampeni. Aende, tena ni vizuri aende, siku moja au mbili wakati wa kupita idara ya watoto, aone chanjo inavyofanywa mtaani na aelewe kwa nini wodi ya surua imekuwa tupu. Lakini aende kama anayefundishwa, na jina lake lisihesabiwe upande wowote.

Jambo jingine nililolielewa taratibu ni kwamba kazi ikiondolewa mahali haipotei, huhama. Chukua zahanati yenye wauguzi wawili. Kampeni ikimchukua mmoja, aliyebaki atagawa dawa, atafunga vidonda, atachanja watoto wa kawaida wa siku hiyo, na kliniki ya wajawazito ataiahirisha. Mama aliyeahirishwa leo kwa presha yake hatarudi baada ya kampeni. Baadhi yao hurudi usiku, kwa tuktuk, na hawaendi zahanati bali hospitali, na anayewapokea ni mwanagenzi. Kwa hiyo kampeni iliyowachukua wauguzi wa zahanati na kujisifu kwamba haikugusa hospitali imeigusa, ila kwa kuchelewa. Hili halionekani kwenye takwimu za chanjo, na kwenye takwimu za hospitali huonekana kama wiki mbaya tu.

Mwaka 2025 nilipata nafasi ya kukaa upande wa pili wa meza. Kuanzia tarehe 5 hadi 14 Julai nchi nzima ilikuwa na kampeni ya pamoja: chanjo ya surua na rubella, ugonjwa wa vipele unaofanana na surua, kwa watoto wa miezi 9 hadi 59, na chanjo mpya ya homa ya matumbo kwa watoto wa miezi 9 hadi miaka 14. Siku kumi, sindano mbili kwa walio wadogo, moja kwa wakubwa, na wengi wa wakubwa wako shuleni.

Hesabu ya wachanjaji haina siri. Tuseme kaunti ndogo ina watoto 60,000 wa kufikiwa kwa siku kumi; hao ni 6,000 kwa siku. Mchanjaji mzoefu kituoni huweza kuwachanja watoto 120 kwa siku bila kuharakisha mambo, kwa hiyo wanatakiwa wachanjaji 50, mbali na waandishi, wahamasishaji na madereva. Ila wale 120 ni wa kituo chenye foleni, kama shule. Ukienda nyumba kwa nyumba mtaani, pale Timbwani, hamsini ni kazi ya kutosha. Na wale walio wadogo huchomwa mara mbili, hushikwa na mama kwa shida, hulia na kuwaambukiza kilio walio nyuma. Wapangaji wengi huchukua idadi ya siku ya shule na kuitandaza siku zote kumi, kisha siku ya nne huanza kutafuta watu wa ziada, na tunarudi kulekule wodini.

Hesabu ya watoto wenyewe nayo hapa Mombasa ina mtego wake. Sensa ya 2019 iliikuta kaunti na watu 1,208,333. Kaunti ndogo ya Kisauni peke yake 291,930 na ya Likoni 250,358. Sensa huhesabu watu walikolala. Chanjo ya shuleni huwakuta wanakosoma. Watoto wengi wa Likoni huvuka kivuko kila asubuhi kwenda shule za kisiwani, na wa Kisauni huvuka daraja la Nyali, kwa hiyo Mvita, ambayo ndiyo kisiwa chenyewe, yenye wakazi 154,171 tu, hujikuta na watoto wengi kuliko dozi zake, na Likoni hubaki na dozi na wachanjaji wanaopiga miayo. Tulilitatua hilo kwa kuzigawa timu za siku za shule kwa madaftari ya shule na si kwa sensa, na za Jumamosi na Jumapili kwa sensa. Kidole kidogo kilichotiwa wino kilitumika kumtambua aliyekwisha kuchanjwa ng'ambo.

Watu tuliwapata wapi? Tuliomba kwanza wauguzi waliostaafu, na wengi waliitika kwa furaha ambayo sikuitarajia. Wakafuata wauguzi na matabibu waliohitimu na hawajapata ajira, ambao nchi hii inao wengi huku zahanati zikilia upungufu. Hilo ni jambo ninaloshindwa kulielewa kila nikilifikiria, ila si la makala hii. Zahanati yenye wauguzi wawili haikuguswa kabisa. Yenye watatu au zaidi ilitoa mmoja, kwa siku za shule tu. Na kabla orodha ya mwisho haijatumwa, ililetwa hospitalini, ikawekwa kando ya ratiba za wodi zote, na watu wawili wakasoma majina kwa sauti, mmoja kila karatasi. Kazi hiyo ilichukua asubuhi moja na ilitutolea majina yaliyojirudia zaidi ya nilivyodhani. Tuliangalia pia tarehe ambayo wanagenzi hubadilishana idara, kwa sababu hubadilishana wote kwa siku moja, na wiki ya kwanza ya mabadiliko kila wodi huwa na daktari ambaye hajui hata taulo za mikono huwekwa wapi. Wiki hiyo hatukumtoa mtu hospitalini kwa sababu yoyote ile.

Mambo ya baridi nitayapitia kwa ufupi, ila moja lina uhusiano na watu. Chanjo ya homa ya matumbo huharibika ikiganda, na vilevile kimiminika cha kuchanganyia chanjo ya surua hakitakiwi kugandishwa. Pakiti za barafu zikitoka friji moja kwa moja na kutiwa kwenye kibebeo huweza kugandisha kilicho karibu nazo. Ni lazima ziachwe nje mpaka ukizitikisa usikie maji yakicheza ndani. Hilo huchukua muda, na mtu wa kulifanya ni lazima afike mapema kabla ya timu. Tulipoandika zamu tulimsahau mtu huyu kwenye rasimu, kama anavyosahauliwa kwenye rasimu nyingi, mpaka fundi wa friji akauliza nani atafungua mlango saa kumi na moja za alfajiri. Kwa Likoni, vibebeo na barafu vilivushwa jioni ya kabla, kwani gari la chanjo likikwama kwenye foleni ya kivuko asubuhi, timu nzima hupoteza saa mbili za shule.

Siku moja ya kampeni nilikaa na timu uani mwa madrasa, upande wa Mtongwe. Maalim alikuwa ametangaza mwenyewe tangu Ijumaa. Nilipofika tulisalimiana, nikamwambia, "Maalim, twashukuru kwa kutupa mahali." Akanijibu, "Mahali si pangu, daktari, ni pa watoto. Ila mkimaliza msiniachie hizo sindano." Muuguzi wetu, mmoja wa wale waliostaafu, alifungua kichupa cha surua cha dozi kumi, akakichanganya, na kabla ya kuvuta dozi ya kwanza akaandika kwenye lebo kwa kalamu ya wino: 9:40, yaani saa tatu na dakika arobaini asubuhi. Chanjo hii ikishachanganywa ina saa sita tu, kisha hutupwa hata kama imebaki. Karibu na saa tisa unusu za alasiri, watu wamepungua, akaja mama mmoja na mtoto wa mwaka mmoja, akitokea kazini. Muuguzi alikitazama kichupa, akatazama saa ya simu, akasema, "Hiki bado kina dakika kumi, mamangu, wewe una bahati," akamchanja. Wa pili alikuja baada ya muda huo kupita. Bila kusita akafungua kichupa kipya cha dozi kumi kwa ajili ya mtoto mmoja, na sikumzuia, kwa sababu katika kampeni mtoto aliyerudishwa nyumbani ni hasara kubwa kuliko dozi tisa. Mchanjaji asiye na uzoefu, au aliyechoka kutoka zamu ya usiku, angemwambia mama arudi kesho. Nimeshawaona wakisema hivyo. Uchovu huwafanya watu wabane vitu.

Wakati wa kampeni maneno ya mitaani hayakosekani. Wazee wanakumbuka mvutano wa 2014 juu ya chanjo ya pepopunda, maaskofu wa Kanisa Katoliki walipoitilia shaka hadharani, na hapa Mombasa Oktoba 2019 chanjo ya kukinga saratani ya mlango wa kizazi ilipozinduliwa kwa wasichana wa miaka 10, maswali yalikuwa yaleyale kuhusu uzazi. Maswali hayo huulizwa kwenye foleni, na hujibiwa na aliyeko mezani. Kwa hiyo katika kila timu tuliweka mtu mmoja asiyechanja, ambaye kazi yake ni kuzungumza, mara nyingi mhamasishaji wa afya wa mtaa huohuo ambaye mama anamjua kwa jina la mwanawe. Wenye kubana matumizi walitaka kumfuta mtu huyu. Nilikataa, kwa kuwa mchanjaji anayejibu maswali huku anadunga atafanya moja kati ya hayo mawili vibaya.

Lililobaki ni siku za baada ya kampeni, ambazo sijawahi kuziona kwenye mpango wowote uliotoka juu. Homa ya chanjo ya homa ya matumbo, ikija, huja siku ile au ya pili. Homa na vipele vya chanjo ya surua na rubella huja kati ya siku ya saba na ya kumi na mbili. Maana yake ni kwamba mtoto aliyechanjwa siku ya mwisho ya kampeni ataletwa hospitalini wakati mahema yameshakunjwa, wachanjaji wameshalipwa au wanadai, na namba ya simu iliyogawiwa haipokelewi tena. Ataletwa usiku, mama ana hofu, na mwanagenzi wa wodi ya watoto, asipoambiwa, ataanza kutafuta malaria, atatoa damu, atamlaza mtoto, na kitanda kitajaa.

Kwa kampeni ile ya Julai tuliirefusha ratiba ya wodi ya watoto hadi wiki mbili baada ya tarehe 14. Idadi ya madaktari wa usiku tuliiacha vilevile, ila tuliongeza daktari mmoja wa jioni, kuanzia saa kumi na moja hadi saa nne za usiku, saa ambazo kina mama hurudi kazini na kugundua mtoto ana joto. Wanagenzi walipewa karatasi ya ukurasa mmoja: muulize tarehe ya chanjo, angalia kidole, pima joto, tafuta dalili za hatari kwanza, usiache kupima malaria lakini usimlaze kwa homa peke yake ikiwa mtoto anacheza na ananyonya, na jaza fomu ya madhara baada ya chanjo hata kama ni homa ndogo. Mwanzoni fomu zilikuwa chache. Wiki ya pili yake ziliongezeka, nyingi zikiwa za homa ya kawaida iliyotulizwa kwa parasetamoli na mazungumzo ya dakika kumi. Malipo ya yule daktari wa jioni yalitoka kwenye fungu la kampeni, baada ya mabishano, chini ya kifungu cha ufuatiliaji. Kwenye rasimu ya kampeni inayofuata, ambayo tumeombwa kuitolea maoni, fungu hilo halimo. Nimeliandika pembeni kwa kalamu nyekundu na kuirudisha rasimu pamoja na ratiba ya zamu za wodi nne.